Njia ya Kufika Kwenye Jiwe

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuandika lilikuwa kuwaelekeza watu njia ambayo sijawahi kuikanyaga. Nalitaja mapema kwa sababu wachache wanaoijua habari hii hudhani kosa langu ni lile la baadaye, na mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilipenda waamini hivyo. Lile la baadaye nililifanya nikiwa na hofu. Hili la kwanza nililifanya nikiwa nimetulia, mchana kweupe, chai imenishuka vizuri, na nikajisifu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimepanga chumba Burumba, mjini Busia, karibu na mpaka, mahali ambapo malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda huunguruma kutwa mpaka unasahau kwamba kuna kelele. Sikusoma chuo. Kiingereza cha kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya shule vilivyochanika na kwa magazeti yaliyofungiwa vitu sokoni, ambayo nilikuwa nikiyanyoosha kwa kiganja na kuyasoma hata yakiwa na mafuta. Labda ndiyo sababu niliogopa makosa kuliko mtu aliyefundishwa. Aliyefundishwa akikosea huwa amesahau tu. Mimi nikikosea nilihisi nimegunduliwa. Sentensi moja niliisoma mara saba au nane, na nikishatuma kazi niliendelea kuisoma mpaka jibu lirudi.

Kazi yenyewe vijana wengi wa huku wanaijua, ingawa hawawaelezi wazazi wao. Mwenye tovuti huko ng'ambo anataka makala. Oda inaingia kwenye akaunti. Mwenye akaunti ni Mkenya mwenzetu ambaye haandiki. Yeye huigawa kwa sisi tunaoandika. Bosi wangu alikuwa Malaba na alikuwa na akaunti tatu. Makala yakichapishwa, hutoka kwa jina la mtu ambaye hayupo. Mimi nilikuwa mama wa kizungu mwenye mvi na koti la mvua, picha ambayo sijui waliitoa wapi, na chini yake paliandikwa kwamba ameizunguka Ulaya kwa miguu tangu ujana wake. Mimi nilikuwa sijafika Eldoret.

Sheria ya tovuti ilikuwa moja kubwa: kila kichwa kidogo kiwe na jibu lake. "Hakuna kuandika haijulikani," bosi alituandikia kwenye kundi letu. "Msomaji akikosa jibu kwetu anaenda kwa jirani."

Sheria hiyo haikunishangaza, maana nimekulia ndani yake. Mama huuza mihogo mikavu na wimbi karibu na mpaka, na pale wageni hawaishi kuuliza njia. Dereva kutoka Kongo anatafuta ofisi ya wakala, mwanamke wa Tororo anatafuta duka la mbegu. Sijawahi kumsikia mtu wa pale akijibu "sijui." Ni kama kumnyima mtu maji. Siku moja mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimuuliza Mama kuhusu kliniki fulani. Mama akasimama, akafuta mikono kwenye leso, akaonyesha kwa mdomo.

"Nenda hivi. Ukipita pale kwa kinu cha unga, kata kushoto. Ni hapo tu."

Yule mwanamke akashukuru, akaenda. Nikamuuliza Mama kliniki hiyo iko wapi hasa.

"Mimi nijuaje?" akasema. "Huko mbele atapata mwingine wa kumuuliza. Ama ulitaka nimwache amesimama hapa na mtoto kama gunia?"

Pale sokoni desturi hiyo haimuumizi mtu, kwa sababu kila hatua kumi kuna mwingine wa kukurekebisha. Nilichelewa sana kuelewa kwamba ukurasa hauna huyo mtu wa mbele.

Oda ya kilima iliingia asubuhi ya Jumanne. Walitaka mwongozo wa mgeni anayetembelea kilima cha Tara, Ayalandi, pamoja na sehemu za jirani. Nilikichagua nikaacha hoteli za Ureno na fukwe za Ugiriki kwa sababu moja: dada yangu mkubwa alikuwa akiishi nusu saa kwa gari kutoka pale. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa boma letu kupanda ndege. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na kibali chake cha kukaa nchini kilifungwa kwa mwajiri huyo mmoja. Akikosana na mwajiri, amekosana na nchi. Sote nyumbani tulilijua hilo. Mama alikuwa akikitaja katika sala ya jioni, akisema "kibali" kana kwamba ni jina la mjukuu wake.

Ningeweza kumpigia simu. Namba yake ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yangu. Lakini dada alijua tu kwamba nachapa kazi za watu kwenye kompyuta. Hakujua kwamba najifanya mama mwenye mvi. Kumuuliza kilima kiko vipi kungekuwa kukiri kwamba sikijui, na mimi nilikuwa na ndoto ya kijinga. Nilitaka siku moja nimtumie makala yaliyokamilika, ashangae jinsi mdogo wake aliyeko Burumba anavyokijua kilima cha jirani yake kuliko yeye. Ingekuwa simu ya dakika tano.

Badala yake nilisoma siku tatu. Nilijifunza kwamba kilima chenyewe si kirefu, lakini ukiwa juu unaona mashamba mpaka macho yachoke. Wafalme wa kale walitawazwa pale. Kuna mitaro na matuta ya duara ambayo watu wa zamani waliyachimba, kuna kaburi la mawe lenye maelfu ya miaka ambalo mlango wake umefungwa kwa geti la chuma, na juu ya tuta mojawapo limesimama jiwe peke yake, urefu wa mtu. Wanasema zamani mfalme wa haki akiligusa, jiwe lilipiga kelele. Karibu na geti kuna kanisa la zamani. Kuna kisima, na kuna mti ambao watu huufungia vitambaa kwa ajili ya shida zao. Nikaandika pia jirani zake: bonde la mto lenye makaburi makubwa ya kale, mji wenye ngome iliyobomoka, kanisa la watawa lisilo na paa. Majina yao ya Kiayalandi yana alama juu ya herufi, na sikukosea hata alama moja.

Kisha kikabaki kichwa kidogo cha mwisho: je, mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kulifikia jiwe? Sikupata jibu la wazi popote. Nilitazama picha. Nyasi zilikuwa fupi, za kijani, zimelala kama uwanja wa shule uliofyekwa juzi. Picha zote zilipigwa jua likiwaka. Basi nikaandika, kwa Kiingereza, maneno haya: njia kutoka kanisani hadi kwenye jiwe ni fupi, imara na ya upole, na kiti cha magurudumu hufika bila taabu.

Hilo neno la "upole" lilinichukua asubuhi nzima. Mwanzo niliweka "rahisi," nikaliona kavu. Nilipolipata nilisimama nikazunguka chumba changu mara mbili.

Makala yalichapishwa Septemba. Mwezi wa Februari, Jumapili moja baada ya misa, nilikuwa kwa Mama huko Bukhayo, tumekaa nje tukimenya mihogo, dada akapiga simu ya video. Alikuwa ameketi kitandani, kichwa hakina kitambaa, macho yamevimba.

"Mama yuko? Mweke karibu," akaniambia. "Na wewe usiondoke."

Akatueleza. Kati ya wazee aliowahudumia kulikuwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya tisini, aliyekuwa mwalimu. Dada alimpenda kuliko wote kwa sababu alikuwa na mdomo. Akilishwa uji alikuwa akiuliza kama huko Kenya wanautumia kubandika mabango. Bibi huyo alipokuwa mtoto, baba yake alimpeleka kwenye kile kilima, akambeba juu ili aliguse jiwe. Sasa alitaka kuligusa tena kabla hajafa. Tangu Krismasi aliomba hilo tu.

"Nikamwambia meneja," dada akasema. "Meneja akasema ni sawa, lakini nionyeshe kwamba kiti kinaweza kufika. Nikatafuta kwa simu. Ile tovuti ya kwanza kabisa ikasema kinafika. Nikampatia simu asome. Akasoma, akasema haya, nendeni."

Nilikuwa nimeshika kisu na muhogo uliomenywa nusu. Niliendelea kuvishika.

"Siku ilikuwa ya jua," akaendelea. "Jua la huku linadanganya, Mama. Linawaka kama la huko na vidole vinaganda. Dereva alibaki kwa gari. Mimi nikasukuma. Hapo kwa kanisa kuna changarawe, iko sawa. Ukishapita geti changarawe inaisha. Ni nyasi tu, na mavi ya kondoo, na mashimo ya kwato. Ardhi kama ugali haujaiva. Ukiangalia unaona pako sawa. Ukikanyaga, maji yanatoka."

"Si ungerudi," Mama akasema.

"Nilimwambia turudi. Akasema, msichana wangu, aliyeandika amefika. Lazima mbele kuna pakavu. Na mimi nikaona ni kweli. Huyo mama wa kwa picha ana mvi, Mama. Anaonekana mtu ameishi akitembea. Nikamwamini."

Akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Ile mitaro ya wafalme wao, mimi sikujua ni mitaro. Imejaa nyasi, unaona ni kama pamebonyea kidogo. Gurudumu la mbele likaingia. Kiti kikalala upande, na yeye nacho. Amevunjika nyonga."

"Yesu," Mama akasema polepole. "Alilia?"

"Hakulia. Aliniambia samahani. Yeye ndiye aliniambia mimi samahani. Na jiwe lilikuwa pale, Mama. Kama kutoka hapo mlangoni mpaka kwa zizi la jirani. Hakuligusa."

Walikuwa wamemsimamisha kazi. Kikao kingekaa baada ya siku kumi, na shtaka lilikuwa kwamba alimhatarisha mzee aliyekabidhiwa. Akipatikana na makosa angefukuzwa, na kibali kingeenda na kazi. "Lakini niko na ule ukurasa," akasema. "Nitawafungulia wasome wenyewe." Akautafuta kwenye simu nyingine, akatusomea kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Fupi, imara na ya upole.

Mama hakuelewa maneno, lakini alielewa kwamba yaliandikwa na mtu. "Huyo mama mwenye mvi," akasema, "Mungu atamwona."

Nataka niliandike hili bila kulipamba: nafasi ilikuwepo, dada alikuwa mbele ya macho yangu, Mama amekaa kando yangu, na mimi nikamaliza kumenya muhogo ule, nikachukua mwingine.

Kesho yake asubuhi nilirudi Burumba, nikafungua kompyuta kabla ya kuvua viatu, nikamwandikia bosi kwamba makala ya kilima yana kosa la hatari na lazima yarekebishwe leo. Nikamtumia na aya mpya. Ilisema njia haifai kwa kiti cha magurudumu, hasa miezi ya mvua, kwa kuwa ardhi ni laini na ina mitaro isiyoonekana. Niliiandika vizuri sana. Niliiandika kwa maneno ya dada yangu, yale ya kwato na maji, nikiyageuza Kiingereza. Nilijiambia nafanya hivyo ili mwingine asianguke. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia kosa lile kukaa pale saa moja zaidi likiwa na mkono wangu juu yake. Kabla ya saa sita mchana ukurasa ulikuwa umebadilishwa. Nikashuka nikala maharagwe na chapati mbili.

Sikufikiria. Mtu anayekagua koma mara nane hakufikiria kwamba ukurasa ule ndio ulikuwa shahidi pekee wa dada yake.

Siku ya kikao alinipigia mimi peke yangu.

"Wewe una akili ya kompyuta," akasema. Hakusalimia. "Ukurasa umebadilika. Umewahi kuona kitu kama hicho? Nimewafungulia mbele ya watu watano, meneja akauchukua akasoma kwa sauti: haifai kwa kiti cha magurudumu. Akaniuliza kama najua kusoma Kiingereza."

"Yeye si aliuona ule wa kwanza?"

"Anasema hakumbuki. Anasema aliniamini mimi. Mimi si mwendawazimu. Nilisoma. Nyinyi wenyewe niliwasomea."

"Ulitusomea."

"Sikuupiga picha. Nani hupiga picha ya ukurasa? Wamenipa wiki moja nilete ushahidi. Nitafutie ule wa zamani, ndugu yangu. Nyinyi vijana mnajua mahali vitu kama hivyo vinakaa."

Nikasema nitatafuta. Na nilitafuta kweli, kwa bidii ya mtu anayejitafutia mwenyewe. Kuna hifadhi za mtandaoni zinazoweka kurasa za zamani. Ukurasa wetu haukuwahi kuwekwa. Ilipofika siku ya tatu nilipanda matatu nikaenda Malaba kumwona bosi.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha ghorofani juu ya duka la vipuri. Dirishani ulikuwa unaona foleni ya malori ikielekea mpakani, haina mwanzo wala mwisho, na madereva wameketi kwenye kivuli cha matrela yao wakikata vitunguu. Bosi alikuwa amenipita miaka mitano hivi. Aliniita Profesa kwa sababu ya koma zangu.

"Profesa umekuja na miguu yako?" akasema, bila kutoa vidude vya masikioni. "Leo kuna oda gani ya kufa na kupona?"

Nikamweleza ninachotaka: mwenye tovuti aandike barua fupi, mistari miwili tu, aseme kwamba mwanzo ukurasa ulisema kiti kinafika.

Akacheka. "Yaani mzungu aandike kwa mkono wake kwamba tovuti yake imevunja mtu nyonga. Wewe ungeandika?"

"Aliyefukuzwa ni dada yangu. Yaani, wanataka kumfukuza."

Alitoa vidude masikioni. "Dada yako wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Aisee. Pole, ndugu. Pole kabisa." Akasogeza chupa ya soda kutoka upande huu wa meza hadi upande ule. "Lakini hebu fikiria. Nikimwandikia, atauliza ni nani aliandika na yuko wapi. Akijua mama wake wa mvi anakaa Burumba, akaunti imefungwa siku hiyo hiyo. Kuna mama za watu wanakula kwa hiyo akaunti. Mama yako mmoja wao."

"Najua."

"Na nani alisema ibadilishwe? Si ni wewe? Mimi hata nilishangaa. Nikasema Profesa anaota makala ya mwaka jana." Hakusema kwa ubaya. "Ungeiacha na kosa lake, leo dada yako angekuwa na ushahidi."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi, na kwamba ilimchukua muda mfupi kuliona kuliko mimi.

Nikamwambia nina rasimu yangu ya kwanza kwenye kompyuta, na ina tarehe yake.

"Hiyo ni yako," akasema, akirudisha vidude masikioni. "Mimi sijaiona. Na ukiituma, Profesa, usirudi kwenye kundi. Si hasira. Ni kazi tu."

Nilishuka. Upande wa pili wa barabara dereva mmoja alikuwa anasuuza sufuria kwa maji ya mtungi, anaimba kwa Kiganda. Nikasimama karibu na gurudumu la lori lake, kwenye kivuli, nikampigia dada. Niliogopa kwamba nikifika nyumbani kwanza nitaanza kuyapanga maneno.

"Dada," nikasema, "huyo mama mwenye mvi ni mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, akaunti na oda na picha, na aya niliyoibadilisha. Nilitumia maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Nilipomaliza nilisikia mtu akifunga mlango huko kwake, na gari likipita.

"Ulikuwa unajua niko hapa," akasema.

"Nilijua."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Tuma hiyo faili," akasema, akakata.

Niliituma jioni hiyo hiyo pamoja na barua. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu kwa jina langu mwenyewe kwenda ng'ambo. Niliambatanisha picha ya kitambulisho changu. Na nitakiri hata hili: barua ilikuwa tayari saa kumi, lakini niliituma saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu kulikuwa na sentensi katikati ambayo haikunikalia vizuri.

Haikusaidia. Dada alinieleza baadaye kwa ufupi, kama mtu anayesoma matangazo. Waliisoma barua. Wakaona jina la ukoo kwenye kitambulisho changu, wakaangalia jina la ukoo kwenye beji yake. Wakamuuliza kama mimi ni ndugu yake, akasema ndiyo. Mmoja wao akasema faili iliyo kwenye kompyuta ya ndugu inaweza kuandikwa siku yoyote na kupewa tarehe yoyote. Mwingine akasema hata kama ni kweli, basi alimpeleka mzee mahali pale kwa kutegemea maneno ya familia yake. Yule bibi, kutoka hospitalini, alikuwa ameomba iandikwe kwamba yeye ndiye aliyesisitiza waendelee mbele. Wakaandika kwamba kumbukumbu zake haziaminiki. Dada akaachishwa kazi siku hiyo, na muda aliopewa kutafuta mwajiri mwingine ukaisha kabla hajampata, kwa sababu kila aliyemhoji aliuliza kwa nini aliondoka pale pa kwanza.

Alirudi Juni. Nilimpokea pale basi linaposhusha watu, na mabegi yake mawili. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nilikuwa nayo tangu Machi, nimeyafuta na kuyaandika upya mara nyingi. Alinipa begi zito, akachukua jepesi, akasema, "Mama hajui. Na usimwambie."

Nikasema nataka kumwambia.

"Najua unataka. Utajipunguzia mzigo kwa kumtwika yeye. Kaa nao."

Wiki zile za kwanza alizungumza kidogo, lakini siku moja, akianua nguo, alinieleza kilima bila mimi kumuuliza. Alisema upepo wa pale juu haupulizi bali unasukuma, kama mtu mwenye haraka. Kwenye ule mti wa vitambaa kulikuwa na soksi ya mtoto, na kamba ya kiatu, na barakoa, na bibi alicheka akasema watu siku hizi wanamletea Mungu nguo chafu. Akasema kondoo hawakimbii mtu. Alisema nilichoandika kuhusu mashamba kuonekana mpaka mbali kilikuwa kweli. Halafu akachukua beseni, akaingia ndani.

Sasa ni mwaka wa pili. Nafanya kazi katika duka la kuchapisha hapa Busia, naandikia watu barua na maombi, na mwenye barua huketi mbele yangu nikimsomea kabla hajaweka sahihi. Dada yangu anafanya kazi katika kliniki mjini, anawageuza wagonjwa na kuwaosha. Nilihama Burumba, tunaishi wote kwa Mama. Dada huniita chakula kikiwa tayari, hunituma dukani, na nilipougua malaria alikaa nami siku mbili. Kilichobadilika ni kwamba haniombi tena msaada kwa kitu chochote kilichoandikwa. Akipata fomu ya kujaza au karatasi asiyoielewa, huikunja, huiweka kwenye mkoba, na kuipeleka kwa mtu mwingine.